Trekta likipita shambani, huko chini kunatokea nini?

Shamba likishakatuliwa, udongo umegeuzwa, mabua yamefunikwa, haro, ile zana ya kuvunja mabonge, imepita juu yake, wengi wetu tunasema hapo tayari, imebaki mbegu tu. Na kweli linapendeza. Ila macho yanaona sentimita 10 za juu, wakati mahindi yakipata nafasi yanashusha mizizi mita 1 na zaidi, na huko chini trekta limeacha kazi yake nyingine ambayo hamna mtu anaenda kuikagua. Ndo maana unakuta shamba linalimwa vizuri kila mwaka, mbolea inawekwa, mbegu ya dukani, alafu jua likiwaka wiki mbili tu mahindi yanajikunja majani mapema, na mvua kubwa ikinyesha maji yanasimama juu au yanakimbia kwenda kwa jirani. Watu wanasema ardhi imechoka. Mara nyingi haijachoka, imeshindiliwa.

Inabidi tuanze na udongo wenyewe. Udongo mzuri wa shamba karibu nusu ya ujazo wake ni vitundu, yaani nafasi tupu zenye hewa na maji, nusu nyingine ndo chembe za mchanga na mfinyanzi na mboji kidogo. Vile vitundu vikubwa vinapitisha mvua kwenda chini haraka na kuingiza hewa, vile vidogo vinashika maji ambayo mmea utayanywa mvua ikikata. Na vitundu havikai hivi hivi, vinashikiliwa na vidonge vidogo vya udongo, ukubwa wa punje ya mtama hivi au pungufu, vilivyogandishwa pamoja na mboji, na utando wa kuvu, na utelezi unaotolewa na vijidudu na mizizi. Nyungunyungu na mchwa nao wanatoboa njia zao. Sasa kila zana unayoingiza shambani, iwe jembe la mkono au plau la sahani 4, kazi yake halisi ni kugusa hivyo vitundu. Inavifungua au inaviziba. Na hapa ndo kwenye utata wote, kwasababu zana nyingi zinafanya yote mawili kwa mpito mmoja: zinafungua juu na kuziba chini.

Chukua plau la sahani, ndo limezoeleka sana huku kwetu kuliko lile la jembe lililopinda, na sababu ipo. Sahani inazunguka, ikikutana na kisiki au jiwe inapanda juu yake na kuendelea, haivunjiki kirahisi. Ila sahani haijivuti yenyewe kwenda chini, inaingia kwa uzito wake na kwa jinsi ilivyotegwa. Kuna pembe mbili fundi anazicheza, ile ya sahani kukaa upande kwa mwelekeo wa trekta, kawaida digrii 42 hadi 47, na ile ya kulala nyuma, digrii 15 hadi 25. Ukiisimamisha zaidi inaingia zaidi, ukiilaza inapanda. Udongo ukiwa mkavu sana sahani zinaelea juu, hapo utaona dreva anapakia mawe au viroba vya mchanga juu ya fremu. Na ukikatua sentimita 20 kwenda chini kwenye heka moja, unageuza karibu tani 1,000 za udongo. Ndo maana dizeli inaisha, na ndo maana dreva anayelipwa kwa heka anashawishika kuinua plau kidogo na kukanyaga mafuta, analima sentimita 10 badala ya 20, juu panaonekana vilevile. Simlaumu sana, malipo yenyewe ndo yamepangwa hivyo, ila kama unakodi trekta nenda na rula au kijiti chenye alama, pima kutoka juu ya ardhi ambayo haijalimwa mpaka chini ya mfuo, yaani ule mfereji plau linaouacha, usipime kutoka juu ya udongo uliotifuliwa maana huo umeshavimba.

Sasa angalia tairi. Trekta likiwa linakatua, tairi mbili za upande mmoja, ya mbele na ya nyuma, zinatembea ndani ya mfuo uliochimbwa raundi iliyopita. Maana yake haziko juu ya ardhi tena, ziko kwenye udongo wa chini uliokuwa umejikalia, sentimita 20 huko. Trekta la kawaida la nguvu za farasi 75 lina uzito wa tani 3 hivi, ongeza plau lenyewe, na wakati wa kuvuta mzigo mkubwa unahamia tairi za nyuma. Tairi ya kwenye mfuo inashindilia pale pale, alafu raundi inayofuata plau linafunika na udongo laini kwa juu, na wewe ukipita kesho huoni chochote. Ukimaliza shamba, kila raundi imeacha mstari wake wa chini uliokanyagwa. Na tairi likizungukia palepale kwa kuteleza ni mbaya zaidi, linasugua na kuziba vitundu vyote kwa uso laini, kama mtu anavyokandika ukuta wa nyumba ya udongo kwa kiganja kilicholowa maji. Ukingo wa chini wa sahani nao unafanya hivyohivyo ukipita kwenye udongo wenye maji.

Fanya hivi mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, kina kilekile kila mwaka, na unapata tabaka gumu. Mara nyingi linakaa kati ya sentimita 15 na 25, unene wa sentimita chache tu. Kulikuta sio kazi. Mahindi yakiwa yamefika kiunoni chimba shimo pembeni ya mstari, futi 2 kwenda chini, upande mmoja uwe umesimama wima, alafu chukua kisu uanze kuchokonoa kutoka juu kuja chini taratibu. Juu kisu kinaingia chenyewe na udongo unamwagika. Ukifika mahali kinagoma, na udongo unatoka kwa vipande bapa vyenye uso unaong'aa, umefika. Vuka hapo, chini yake kisu kinalainika tena. Sasa angalia mizizi: imeshuka vizuri mpaka ikafika lile tabaka, ikakunja kona na kutambaa kulala, michache iliyopenya imepita kwenye nyufa au kwenye tundu la nyungunyungu. Kwa pamba na mbaazi utaona mzizi mkuu umepinda kabisa umeandika herufi L. Karoti inagawanyika miguu miwili. Huo mmea una maji na chakula chini ya miguu yake na hauwezi kuvifikia. Kama hutaki kuchimba, chukua nondo nyembamba iliyochongwa ncha, isukume ardhini siku mbili tatu baada ya mvua nzuri, utahisi mahali mkono unapokataliwa na kina chake, rudia sehemu kadhaa za shamba.

Na nisieleweke vibaya, jembe la mkono nalo linatengeneza tabaka, tena juu zaidi, maana watu wanapiga kina kilekile miaka yote na kuna miguu ya watu na kwato za ng'ombe juu yake. Plau la ng'ombe pia. Kwa hiyo sio habari ya trekta baya na jembe zuri. Trekta linafanya haraka na linafika chini zaidi, basi.

Baada ya kukatua inakuja haro, na hapa naona watu wengi wanaharibu pesa. Haro kazi yake ni kuvunja mabonge na kusawazisha ili mbegu igusane na udongo vizuri, ivute maji, iote pamoja. Mbegu ya mahindi unaifukia sentimita 5 hivi, haihitaji shamba zima liwe unga, inahitaji udongo ulioshikana kiasi kuizunguka pale ilipo tu. Lakini mtu anapiga haro mara mbili, mara tatu, mpaka vumbi. Kila mpito unavunja vile vidonge nilivyosema, na kila mpito ni tairi nyingine juu ya shamba ambalo umetoka kulilegeza, na udongo uliolegezwa ndo unashindiliwa kirahisi kuliko wote, tairi la kwanza kabisa linafanya sehemu kubwa ya madhara. Yaani unalipa kufungua alafu unalipa kuziba. Rotaveta ni zaidi ya hapo, visu vyake vinazungushwa na injini kupitia shafti ya nyuma, vinachapa udongo unatoka laini mno kwa mpito mmoja, bustani ya mboga inakuwa safi kabisa, ila chini ya visu panabaki pamesuguliwa na juu hamna kidonge kilichobaki.

Alafu inakuja mvua ya kwanza kubwa. Matone yanapiga ule unga, chembe ndogo zinatawanyika na kuziba matundu ya juu, jua likitoka uso unakauka na kuwa ukoko. Maharage ndo yanateseka zaidi kwasababu yanainua kichwa kizima kutoka ardhini, shingo inakatikia chini ya ukoko. Na maji hayazami tena. Piga hesabu: mvua ya milimita 20 kwenye heka moja ni karibu lita 80,000. Nusu yake ikishindwa kuzama una lita 40,000 zinatafuta njia ya kuteremka, na kama ulilima kufuata mteremko, kila mfuo ni mfereji ulioyachimbia maji hayo. Vijifereji vya mwaka huu ndo makorongo ya baadaye. Kulima kukata mteremko hakugharimu dizeli zaidi, kunahitaji dreva akubali kugeuza mara nyingi na mwenye shamba asimame pale kusisitiza.

Kuna jambo lingine halionekani hata kwa kuchimba shimo, nalo ni mboji. Ukitifua unaingiza hewa nyingi kwa mkupuo, vijidudu vinachangamka na kula mboji iliyokuwa imejificha ndani ya vidonge, na wanapoila wanatoa naitrojeni. Ndo maana shamba jipya likilimwa linastawi sana miaka ya mwanzo, watu wanaona trekta ndo limeleta rutuba. Kumbe ni akiba inatumika. Kwenye joto letu la kitropiki inatumika haraka zaidi kuliko nchi za baridi, na ikipungua vidonge havina gundi tena, shamba linashindiliwa kirahisi, mwaka unaofuata unahitaji haro nyingi zaidi kupata ulaini uleule, na haro hizo zinamaliza mboji iliyobaki.

Lakini katika yote haya, chuma chenyewe sio kinachoamua zaidi. Kinachoamua ni unyevu wa siku ile uliyoingia. Plau lilelile, dreva yuleyule, shamba lilelile, ukiingia Jumatatu limelowa unatengeneza matofali na tabaka gumu, ukiingia Alhamisi limenywea vizuri linavunjika lenyewe na haro inatosha moja. Udongo wenye maji mengi haupasuki, unasukumwa na kujifinyanga. Udongo mkavu kabisa unatoka mabonge makubwa au unagoma. Katikati hapo ndo penyewe. Namna ya kujua ni rahisi, na ifanye kwenye kina utakacholima, sio juu, maana juu panakauka mapema na kudanganya: chimba, chukua konzi ya udongo, ujaribu kuuviringisha kwenye viganja uwe uzi mwembamba wa milimita 3 hivi. Ukiviringika ukatoka uzi mzuri, rudi nyumbani. Ukikatika katika na kumeguka kabla hujafika hapo, ingiza trekta. Udongo wa kichanga unakupa siku nyingi za kufanya kazi, mfinyanzi mweusi wa mbugani unakupa dirisha dogo sana, leo unanata tairi mpaka haionekani, wiki ijayo umepasuka nyufa za kuingiza mkono. Shida trekta la kukodi ni moja kwa kijiji kizima, zamu yako ikifika imefika, ukikataa utangoja na msimu unakimbia. Hiyo naielewa na sina jibu rahisi, ila angalau ujue ukiingia limelowa usikatue kina kirefu, na mwaka huo acha kabisa habari ya haro ya pili.

Mfano mkubwa kuliko yote wa chuma kushindana na udongo uko Tanzania hapahapa, Kongwa mkoani Dodoma. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, mwaka 1946 wakatuma watu wakague ardhi ya Tanganyika, na 1947 mradi wa karanga ukaanza, lengo likiwa heka zaidi ya milioni 3. Matrekta yaliyopatikana mengi yalikuwa makuukuu ya jeshi, mpaka vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta na kiwanda cha Vickers. Udongo wa Kongwa una chembe ngumu za kwatsi zinazokula chuma, majembe ya plau yakawa yanaisha haraka kuliko yanavyoletwa. Na una mfinyanzi ambao mvua ikikata unaoka na kuganda. Karanga inazaa chini ya ardhi, kwa hiyo hata pale zao lilipopatikana, wakati wa kuvuna ardhi ilikuwa imekazana karanga hazitoki. Mvua zenyewe za Dodoma ni za kubahatisha. Mwanzoni mwa 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta mradi, hasara ya pauni karibu milioni 36 za wakati ule. Wagogo walikuwa wanaishi hapo na kulima mtama na uwele na kufuga, na leo wilaya hiyohiyo ya Kongwa ina soko kubwa la mahindi la Kibaigwa, kwa hiyo sio kwamba ardhi ile haizai. Walipima ukubwa wa mashine, udongo na mvua wakavipa muda mdogo mno.

Alafu kuna mpunga, ambao unageuza kila nilichosema juu chini. Mbarali, Kilombero, Mwea kule Kenya, kwenye majaruba, yale mashamba ya mpunga yaliyozungushiwa kingo za kushika maji, watu wanakatua, wanaingiza maji, kisha wanachavanga, yaani wanavuruga tope makusudi mpaka vidonge vyote vife na vitundu vizibe. Hilo tabaka gumu ambalo mtu wa mahindi analilia, mtu wa mpunga anahangaika kulitengeneza ili maji yasipotee chini. Na hapo pawatila, lile trekta dogo la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono, iko nyumbani kwake, nyepesi, haizami sana, inachapa tope vizuri. Zilipoletwa kwa wingi kipindi cha Kilimo Kwanza, ule mpango wa serikali ya Tanzania, kuanzia 2009, nyingine zikaenda sehemu kavu zenye ardhi ngumu, na kule zikashindwa kuingia ardhini, zikaishia kufungwa tela na kubeba mizigo. Sio mashine mbovu, zilipelekwa kwenye udongo usio wake. Tatizo la jaruba linakuja pale mtu anapotaka kupanda mahindi au dengu baada ya mpunga, hapo lile tabaka linamgeukia.

Haya, tabaka lipo, unalitoaje? Kwa ripa au sabsoila. Ripa ni jino jembamba la chuma linalochana mstari bila kugeuza udongo, la ng'ombe lipo, mfano Magoye ya Zambia ambayo inafungwa kwenye boriti ya plau la kawaida la ng'ombe, na la trekta lipo linalokwenda sentimita 25 hadi 35. Sabsoila ni nzito zaidi, inafika 40 na kuendelea. Na hapa sheria ya unyevu inageuka: hii unaifanya udongo ukiwa mkavu, mara baada ya kuvuna, kwasababu unataka tabaka lipasuke pande zote. Ukipitisha limelowa, jino linakata mfuo mwembamba kisha udongo unajifunga nyuma yake, umechoma mafuta bure. Kina nacho kina mpaka. Jino linatakiwa lipite sentimita chache tu chini ya tabaka, ili linyanyue na kupasua kwenda juu, ukilizamisha kupita kiasi linaacha kunyanyua, linasukuma udongo pembeni na kuukaza zaidi huko chini. Kwa hiyo chimba shimo kwanza ujue tabaka liko wapi, ndo umwambie dreva. Akishapita mita 20 chimba tena kukatisha mstari uone kama limevunjika kweli, kabla hajamaliza heka zote.

Ripa ina bei yake pia na wanaoitangaza wanapenda kuiruka. Plau linafukia magugu, ripa haifukii, inaacha nafasi yote katikati ya mistari, kwa hiyo ama una dawa ya magugu ama una nguvu kazi ya palizi ya kutosha, na palizi ya mwanzo ikichelewa msimu umeenda. Mabua yanatakiwa yabaki juu kukinga matone ya mvua na kulisha nyungunyungu, lakini Babati, Shinyanga, Dodoma, baada ya mavuno ng'ombe wa kijiji wanaingia kila shamba na mabua ndo chakula chao cha kiangazi, na huwezi kumzuia jirani peke yako kwa utaratibu wa miaka yote. Wengine wanapanda lablab, zao la jamii ya maharage, au mbaazi katikati ya mahindi, inabaki kijani baada ya mavuno, mzizi wake unashuka kwenye mstari uliochanwa na kuuweka wazi, na hapo kuna kitu cha kulinda, kwa hiyo kuna sababu ya kukubaliana na wafugaji lini waingie.

Na ukishapasua, kitu kinachofunga tena ni tairi. Mstari uliochanwa mwaka huu upande humohumo mwaka ujao, na trekta lipite katikati palepale lilipopita. Punguza upepo wa tairi ukiwa shambani kwa kiwango kinachoruhusiwa kwa tairi yako, tairi itanue mguu, inasaidia sana sentimita za juu. Kwa huko chini upepo wa tairi hausaidii sana, kule kinachofika ni uzito wa ekseli, kwa hiyo tela la mahindi limejaa gunia, au lori linaloingizwa katikati ya shamba lililolowa wakati wa kuvuna, linaweza kuziba kwa siku moja kile sabsoila ilichofungua. Liache barabarani, gunia zitolewe kwa mkokoteni.